Moteri ya Mashua Isipowaka kwa Umeme

Mazao yakivuka Ziwa Kivu kutoka Minova kwenda Goma, hubebwa na mashua, na nyingine zina moteri kuukuu. Moteri ikizimika katikati ya ziwa isiwake tena, upepo huichukua mashua unakotaka.

Hapo wengi husema, "Demareri imekufa," wakauza mbuzi wanunue nyingine. Lakini mara nyingi demareri ni nzima. Ubovu uko katika batri au nyaya zake. Basi, wewe mwenye mashua, ifunge ufukoni, uache mvuke wa petroli utoke, kisha tafuta ubovu hivi.

1. Tazama gia. Lazima ikae katikati, isiwe mbele wala nyuma. Tazama na fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kipimo kile kile. Usiweke waya mahali pake.

2. Pima batri. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12, ijaze kwanza.

3. Safisha vichwa vya batri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vema. Fungua waya mweusi kwanza, halafu mwekundu. Sugua mpaka ving'ae. Rudisha mwekundu kwanza, mweusi mwisho, ukaze sana, upake grisi. Usisahau mwisho wa waya mweusi ulioshikwa katika moteri. Kutu hujificha hapo.

4. Sasa geuza ufunguo, usikilize. Ikilia "tak" tu, pengine rele inayopeleka umeme imeungua, au kaboni za demareri zimekwisha. Isipolia kabisa, tazama ufunguo na nyaya zake. Demareri ikizunguka peke yake bila kuzungusha moteri, jino lake limekwama kwa uchafu, lisafishe.

Usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha demareri dakika 2, ama itaungua kweli.

Tena, usiondoke ufukoni bila kamba ya kuwashia. Moteri nyingi za zamani zina gurudumu juu lenye mtaro wa kuzungushia kamba. Jizoeze kuivuta karibu na ufuko, gia ikiwa katikati na moteri ikiwa majini, kwa maana ikiwaka pakavu pampu ya maji huharibika. Mtu aliyejifunza kwa utulivu mchana ataweza kuvuta usiku penye mawimbi.