Kipato Kina Kalenda Yake: Kuanzia Mkonge wa Korogwe Hadi Mahindi ya Handeni

Watu wakilinganisha kazi hulinganisha tarakimu. Huyu anapata ngapi, yule ngapi, na mwenye nyingi ndiye anahesabiwa kuwa ameula. Kwa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kipimo hicho hakitoshi hata kidogo. Ndani ya wilaya hizi mbili zinazopakana utakuta karibu kila namna ya kulipwa iliyopo nchini: kwa siku, kwa kipande cha kazi, kwa mwezi, kwa msimu na kwa bahati. Mkata mkonge wa Magunga, mwalimu wa Manundu, dereva wa bodaboda Mombo na mkulima wa mahindi Sindeni hawatofautiani kwa kiasi cha fedha tu. Kinachowatenganisha zaidi ni lini fedha hiyo inaingia, na nani anaikata kabla haijafika mkononi. Hapo ndipo madeni huzaliwa, na hapo ndipo akiba hupatikana au kukosekana.

Tuanze na viwango vya kisheria. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, kutoka 100,000 ya amri ya mwaka 2013. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 5,385 kwa siku. Amri hiyo hiyo iliweka shilingi 592,000 kwa taasisi za fedha, na shilingi 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Oktoba 2025 serikali ilitangaza viwango vipya vya sekta binafsi kuanzia Januari 2026, vinavyopandisha wastani wa kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Kwa watumishi wa umma, kima cha chini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025.

Neno "wastani" lisomwe kwa uangalifu. Limechanganya benki na shamba, mgodi na mama lishe, kwa hiyo mfanyakazi ajue kiwango cha sekta yake na asitegemee wastani. Tena viwango hivi vinamlinda aliyeajiriwa. Mkulima wa Kwamatuku hana mwajiri wa kumdai, na mwenye pikipiki aliyempa kijana chombo atakwambia kwamba hajamwajiri mtu.

Mkonge: malipo kwa kipande

Korogwe imelelewa na mkonge, na mkonge ndio ulioifundisha Tanga kulipana kwa kadi. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani katika wilaya jirani ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, uliwapa wanaume kadi iliyowabana kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye kadi ya siku 30, yaani kipande, ikawa utaratibu wa kawaida mashambani. Siku uliyomaliza kazi yako inachorwa, siku uliyougua haichorwi, na fedha unaiona kadi ikijaa. Kwa hiyo "mwezi" wa mfanyakazi ungeweza kula wiki sita. Katikati ya hapo alikula kwa mkopo.

Utaratibu huo ulibeba zao kubwa. Mnamo mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge na kuongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000. Viwanda viliyumba, lakini namna ya kulipa kwa kipande ilibaki.

Mtazame mkataji kazini. Anaingia shambani alfajiri kabla jua halijakomaa. Anachagua majani ya chini, ya juu anayaacha yakomae. Anakata karibu na shina, anaondoa mwiba wa nchani, anafunga majani kwa mabunda, kwa kawaida 30 kila bunda, kisha anayabeba hadi pembeni mwa barabara ambako trekta litayafuata. Mnyapara anahesabu mabunda, hahesabu saa. Mwenye mkono mwepesi anamaliza kazi yake mapema, na mchana anaenda kwenye shamba lake la mahindi au mihogo. Ndiyo maana ukiuliza mkata mkonge anaishije kwa ujira ule, jibu kubwa halimo kwenye karatasi ya malipo. Ujira unanunua sukari, sabuni, mafuta na madaftari. Ugali unatoka shambani kwake. Ukimnyang'anya ile ekari moja, hesabu yote inaanguka.

Mwaka 1999 kampuni ya Katani ilianzisha mpango wa wakulima wadogo katika mashamba yake ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi. Hapa mtu si kibarua tena, ana eneo lake na anauza kupitia ushirika. Lakini kalenda yake ni ngumu zaidi. Mkonge huanza kukatwa baada ya miaka mitatu hivi, na katika kila kilo 100 za majani, singa kavu, yaani nyuzi zenyewe, ni kama kilo nne tu. Jani likishakatwa halingoji: lisipofika haraka kwenye korona, mashine ya kutoa singa, linaharibika. Mashine ikisimama au barabara ikijaa matope, mkulima amekwama na mzigo wake. Singa ikiuzwa, kwanza hukatwa gharama za kukata, kusafirisha na kusindika, halafu mkopo kama upo. Bei ya tani inayotangazwa redioni ni ya sokoni. Mkulima anapaswa kuuliza inayobaki, na kudai karatasi inayoonyesha kila kato na kiasi chake.

Mshahara: makato kabla ya mkono

Mtumishi wa umma ndiye anayeonewa wivu, kwa sababu tarehe yake inajulikana. Hebu tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Mfuko wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye 760,000 zilizobaki: hadi 270,000 haitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na inayofuata ni asilimia 20. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 24,000, na chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 16,000. Kama alisomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ni 120,000. Makato yote yanafika 268,000, naye anabaki na 532,000.

Hapo benki haijagusa. Kanuni ya utumishi wa umma inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara, yaani kama 267,000 kwa mwalimu wetu. Kanuni hii iliwekwa kama kinga, lakini wengi wameigeuza kuwa shabaha: wanakopa hadi wafike ukingoni. Mkopo wa kujenga nyumba una mantiki, maana nyumba itakuwepo deni likiisha. Mkopo wa miaka sita wa kufanyia sherehe utaendelea kukatwa wageni walishasahau walikula nini. Mwenye mshahara anazama kwa sababu ana uhakika wa kesho, hivyo kila mkopeshaji anamkimbilia.

Bodaboda: fedha ya kila siku

Kijana wa bodaboda anashika fedha kila saa, na hilo ndilo jaribu lake. Tuseme amekusanya 25,000 kwa siku. Mafuta 8,000, hesabu ya bosi mwenye pikipiki 10,000, anabaki na 7,000 ambayo bado haijala, haijabadilisha oili wala kununua tairi. Hesabu ya bosi haijali mvua wala msiba.

Wengi hukimbilia "mkataba": unalipa kila siku hadi chombo kiwe chako. Kabla ya kusaini, zidisha. Shilingi 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 14, ni 3,640,000. Kama pikipiki hiyo inauzwa 2,800,000 taslimu, umelipa 840,000 zaidi, yaani asilimia 30. Mkataba si lazima uwe mbaya, kwani wengi wamepata chombo kwa njia hiyo. Ubaya ni kusaini bila kujua jumla, na bila maandishi yanayosema nini kitatokea ukiugua wiki mbili.

Mahindi: mwaka katika mauzo mawili

Handeni ina misimu miwili, masika na vuli, na vuli mara nyingi huyumba. Mkulima anavuna kwa wingi kuanzia Julai, wakati kila mtu anavuna, na bei iko chini. Mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa na shamba linasubiri fedha, ghala ni tupu. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini gharama za sare, viatu na madaftari hazikufutwa.

Piga hesabu ya mfano. Magunia kumi kwa 50,000 wakati wa mavuno ni 500,000. Ukiuza manne kwanza upate 200,000 za kulipia madeni, ukahifadhi sita na kuyauza Februari kwa 80,000, unaongeza 480,000. Jumla ni 680,000 kwa mahindi yale yale. Kinachozuia watu si ujinga. Kwanza ni deni lililochukuliwa mazao yakiwa bado shambani, ambapo mnunuzi alishataja bei. Pili ni dumuzi, mdudu anayegeuza punje kuwa unga ndani ya miezi michache. Kwa la pili dawa ipo: mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, inawanyima wadudu hewa bila sumu yoyote, mradi mahindi yamekauka sawasawa na mfuko haujatoboka. Kwa la kwanza dawa ni akiba iliyopangwa kwa kalenda ya shamba. Wafugaji hili wanalijua siku nyingi, mbuzi huenda mnadani wakati wa shida, si wakati wa mavuno.

Dhahabu: mwaka bila tarehe

Magambazi, wilayani Handeni, iliwavuta wachimbaji wadogo tangu miaka ya 2000. Wengi wao hawalipwi mshahara. Mwenye leseni ana fungu, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ana fungu, na wachimbaji hugawana linalobaki baada ya kukatwa chakula na gharama zilizotangulizwa. Mchimbaji anaweza kula miezi mitatu kwa deni, kisha apate fedha ya mwaka mzima kwa siku moja. Fedha kama hiyo inahitaji uamuzi uliofanywa kabla haijapatikana. Bati, kiwanja au ng'ombe, chaguo liwe limeshakubaliwa nyumbani. Anayeanza kupanga baada ya kuuza atapangiwa na marafiki.

Chombo kifuate kalenda

Pengo kati ya malipo na matumizi ndilo linalowalisha wakopeshaji wa "kausha damu". Chukua 100,000, rudisha 130,000 ndani ya mwezi. Ukiendelea hivyo mwaka mzima umelipa riba ya 360,000 kwa laki moja ile ile. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Asiyekuonyesha leseni wala kukupa mkataba wa maandishi ameshakujibu.

VICOBA, yaani vikundi vya akiba na mikopo, na michezo ya kupeana ni vyombo vizuri, lakini kila kimoja kina kazi yake. Mchezo wa kila siku unamfaa bodaboda na mama lishe, kwa sababu unaitoa fedha mkononi kabla haijayeyuka. Mwenye mshahara akatiwe akiba siku ile ile unapoingia, kabla ya matumizi. Mkata mkonge alinde ekari yake, na kama mwajiri anamkata asilimia 10 ya NSSF, ahakikishe kwamba asilimia 10 ya mwajiri nayo inapelekwa.

Kwa mkulima kuna badiliko moja lisilogharimu kitu. Vikundi vingi huvunja sanduku na kugawana akiba Desemba, fedha ikaishia kwenye sikukuu, na Februari wanachama wakatafuta mkopo wa mbegu. Kikundi cha Handeni kingeweza kukubaliana kununua hisa nyingi Julai hadi Septemba, mahindi yanapouzwa, na kuvunja katikati ya Januari. Fedha ile ile ingefika pamoja na madaftari ya watoto na mbegu za masika. Katiba ya kikundi inaandikwa na wanachama wenyewe, na mkutano mmoja unatosha kubadilisha tarehe.