Kilio, Yowe na Neno la Kiebrania "Tse'aqah"

Mtafsiri wa Maandiko aliyeko Mbozi au Tunduma, mkoani Songwe, aghalabu hulipata neno la Kiebrania likiwa limekwisha kupita katika Kiswahili, ndipo alitie katika Kinyiha au Kinyamwanga. Neno moja lipunguzwalo na safari hiyo ni tse'aqah, ambalo hutamkwa pia za'aqah. Kiswahili huliita "kilio".

Hatusemi kwamba ni kosa. Lakini kwetu kilio ni msiba wenyewe: mtu huenda kilioni akakaa na wafiwa, hata kama hakutoa sauti. Kiebrania kina bakhah kwa kulia machozi na saphad kwa kuomboleza maiti. Tse'aqah ni sauti ya aliyezidiwa, naye huipaza ili asikiwe na awezaye kumwokoa. Ndiyo sauti ya Waisraeli utumwani Misri. Kwa kitenzi cha asili hiyo hiyo Baraka aliwakusanya watu wa Zabuloni na Naftali kwenda vitani. Tena katika sheria ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, binti aliyeshikwa kwa nguvu shambani hahesabiwi hatia, kwa kuwa alipiga ukelele na hapakuwa na wa kumwokoa. Basi sauti hiyo ina uzito wa ushahidi.

Neno "yowe" lakaribia zaidi. Yowe likipigwa usiku Tunduma, jirani habaki kitandani akisikitika, hutoka. Ila wingi wake, "mayowe", umezoeleka kuwa kelele tu, wala hauchukui uchungu. Karani naye huandika "malalamiko", neno ambalo laweza kungoja katika jalada hadi mwezi ujao.

Kwa kitenzi, tunaonelea "kulilia" kwafaa. Shina la Kibantu ni -lila. Kiswahili kimeidondosha l ya pili katika "kulia", nayo hurejea katika "kulilia". Kitenzi hiki hakikai peke yake: ni lazima ajulikane anayeliliwa.

Penye Isaya 5:7 hatuna dawa. Nabii amelinganisha tsedaqah, yaani haki, na tse'aqah. Mlio huo haupatikani katika "haki" na "kilio", na afadhali uelezwe katika tanbihi kuliko kulazimishwa.

Mtafsiri wa Kinyiha au Kinyamwanga asianze na neno letu "kilio". Na awaulize wazee kwanza: ni neno gani huwatoa majirani nje?