CHOMBO KIRUDICHO NA MKONO WA JIRANI

Tarehe 1 Februari, 2003, chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika kilipokuwa kikirudi duniani, na watu saba waliokuwamo wakafa wote. Siku hiyo watu watatu, Wamarekani wawili na Mrusi mmoja, walikuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga wakifanya kazi, nao walitazamia kurudishwa na chombo cha jamii ile ile ya Shuttle. Hawakuachwa. Mwezi wa Mei walirudi kwa Soyuz, chombo cha Warusi, na kwa zaidi ya miaka miwili Soyuz ndicho kilichopeleka zamu za kituo.

Twayakumbusha haya kwa kuwa leo sifa nyingi zapewa vyombo virukavyo, vikarudi, vikaruka tena. Sifa hizo ni za haki. Ni nani avunjaye jahazi kila lifikapo bandarini? Lakini Shuttle, iliyoruka mara 135 kati ya mwaka 1981 na 2011, yatufunza kwamba marejeo yana gharama. Kila iliporudi, mafundi walikagua vigae zaidi ya 20,000 vya kuzuia joto. Tena, usiku wa kuamkia ajali ya Challenger, Januari 1986, wahandisi walionya kwamba baridi ni ya hatari. Wakubwa hawakuwasikiliza, na watu saba wakafa. Asiyesikiliza fundi wake asitegemee chuma chake.

Fundisho la pili ni la ujirani. Mwaka 1975 Apollo ya Marekani na Soyuz ya Urusi ya Kisovieti viliungana angani kwa mlango ambao kila upande waweza kushika au kushikwa: hapana bwana, hapana mtumwa. Mwaka 2010 washirika wa kituo walitangaza kipimo kimoja cha milango ya namna hiyo, ili chombo cho chote kilichoundwa kwa kipimo hicho kiweze kumfikia aliyekwama. Tangu mwaka 2022, hata serikali zao zikigombana vikali juu ya vita vya Ukraine, Warusi wamepanda Dragon ya Marekani, chombo kirudicho, na Wamarekani wamepanda Soyuz.

Lakini China, iliyokamilisha kituo chake cha Tiangong mwaka 2022, ingali nje ya ushirika huo. Na tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani yaizuia NASA kushirikiana nayo moja kwa moja bila idhini maalumu. Hapo twaona kosa. Mkataba wa mwaka 1967 wawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote. Mjumbe akikwama, haulizwi bendera yake.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mataifa makubwa na yashindane kwa kuunda vyombo. Lakini milango ya vyombo hivyo hapana budi iwe ya kipimo kimoja, Beijing kama Moscow, Moscow kama Washington. Chombo kilicho bora ni kile kiwezacho kumrudisha nyumbani hata mtoto wa jirani.