Vita Kuu ya Pili Ilianzia Uhabeshi

Huku Ulaya, kila Septemba mosi tunakumbushwa kwamba Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, Hitler alipoivamia Poland. Kwetu Waafrika moto ulikwisha kuwaka Oktoba 3, 1935, siku majeshi ya Italia yalipovuka mto Mareb kutoka Eritrea na kuingia Uhabeshi (Ethiopia ya leo) bila kutangaza vita.

Benito Mussolini alishika madaraka mwaka 1922, na mwaka uliofuata tu akakipiga mizinga kisiwa cha Corfu cha Ugiriki. Ila na Uhabeshi alikuwa na kisasi. Kule Adwa, mwaka 1896, Mfalme Menelik wa Pili aliwachapa Waitalia kipigo ambacho hawakukisahau. Mussolini akawaahidi watu wake himaya mpya ya Roma, na mapigano ya Desemba 1934 kati ya askari wa pande hizo mbili kwenye visima vya Wal Wal yakampa kisingizio.

Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta yakaachwa nje. Hapo ndipo penye aibu, maana ndege na malori ya vita bila mafuta haviendi popote. Meli zilizojaa askari na silaha zilipita Mfereji wa Suez mbele ya macho ya Waingereza, wala hakuna aliyeufunga. Ndege zikamwaga gesi ya sumu iliyobabua ngozi za watu na mifugo, ingawa Italia ilikuwa imetia saini itifaki ya Geneva ya 1925 inayopiga marufuku silaha hiyo. Addis Ababa ikaanguka Mei 5, 1936. Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi aliposimama mbele ya Shirikisho hilo Geneva Juni 30 kudai haki ya nchi yake, waandishi wa habari wa Kiitalia walimzomea na kumpigia miluzi. Nusu mwezi baadaye vikwazo vikaondolewa.

Nani angemwogopa tena nani? Mussolini akapeleka askari Hispania, akafungamana na Hitler, na Aprili 1939 akaimeza Albania.

Weusi waliokuwa London hawakunyamaza: Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa chama cha kuitetea Uhabeshi. Na mwaka 1941 askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, walikuwamo katika jeshi lililowafurusha Waitalia. Kama kwenu kuna picha au medali ya babu aliyepigana huko, muulizeni anayemkumbuka, na jina la babu huyo mliandike.