Ganzi ya Mkono na Kiharusi

Mtu akisema, "Mkono umekufa ganzi," yaweza kuwa ni ugonjwa mdogo wa kifundo cha mkono, au yaweza kuwa ni kiharusi. Yafaa kila nyumba ijue kuvitenga.

Nianze na kifundo. Hapo pana mifupa midogo 8 iliyopangana mfano wa mfereji, na juu yake umepita utando mgumu kama dari. Ndani ya njia hiyo nyembamba hupita kano 9 zikunjazo vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Pakivimba humo, mshipa hubanwa, na ganzi huingia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika, kwa kuwa mshipa wake haupiti humo. Shangazi yangu, mshona nguo, alikuwa akiamka usiku akiukung'uta mkono kama aliyeumwa na siafu, kisha hupata nafuu. Majirani walimtisha kuwa ni kiharusi. Daktari alimpa kibao cha kufunga kifundo kisipinde akilala, basi.

Kiharusi hakimo mkononi hata kidogo, kimo kichwani. Mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto, ndiyo maana mtu hupooza upande mmoja. Huja ghafula, na mara nyingi mkono hauumi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mwambie mgonjwa aonyeshe meno: je, mdomo umekwenda upande? Ainue mikono miwili: je, mmoja washuka? Aseme maneno machache: je, yanaeleweka? Dalili moja tu yatosha kumkimbiza hospitali.

Wengine husema ni upepo mbaya, akandwe kwanza. Mzee mmoja jirani yetu alikandwa mafuta siku 2. Alipofikishwa hospitali mkono ulikuwa umekwisha lala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, kwa kawaida hutolewa kabla hazijapita saa 4 na nusu tangu ugonjwa uanze, tena baada ya picha ya kichwa, maana kama mshipa umepasuka dawa hiyo yaweza kuua. Kwa hiyo asipewe asprini nyumbani. Wala maji wala uji, asije akapaliwa. Iandikeni saa ugonjwa ulipoanza, daktari ataiuliza. Na dalili zikiondoka baada ya dakika chache, apelekwe vivyo hivyo, kwani kiharusi kikubwa chaweza kufuata siku ile ile.