Utangulizi: Tusi Lilizaliwa Wapi?

Hii ni taaluma inayoanza kwa kicheko na kuishia kwenye ubishi. Asili ya matusi kila mtu anaijua, na kila mtu anaijua kivyake. Changudoa, wengine watakuambia, ni yule samaki changu mwenye baka ubavuni. Wengine watalikata vipande viwili, changu na doa, wakupe kisa kingine kabisa. Maelezo yakiwa matamu mno, yatilie shaka. Aghalabu kisa hutungwa neno likishazoeleka.

Yapo matusi yasiyotusumbua. Mavi halikuletwa na mgeni yeyote: Wagikuyu husema mai, na waliolinganisha lugha za Kibantu, akiwamo Malcolm Guthrie, wamelifuatilia hadi kwenye shina la kale sana.

Ugumu huanza njiani, na Kilosa, mkoani Morogoro, ni wilaya ya njia. Misafara ya pwani ilikatiza Usagara, na watu wa bara wakaitwa washenzi. Wako wanaolihusisha jina hilo na Zanj, jina la Waarabu wa kale kwa pwani hii. Mimi naona sauti zinaruhusu, ila kuruhusu si kuthibitisha. Kisha ikaja reli ya Mjerumani, na mashamba ya mkonge ya Kimamba yakawaleta manamba, vibarua waliojulikana kwa namba zao. Hapo hakuna fumbo. Kilichobaki ni kueleza namna namba ilivyogeuka dharau. Siku hizi kuna barabara ya Zambia: neno linashuka Mikumi na utingo wa lori, kesho limefika Ifakara, na kijana wa Kividunda anaapa kwamba ni la kwao.

Sasa utani, ambao ndio unaonivuta zaidi. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha jinsi watani wanavyoruhusiwa kusema yasiyosemeka, hata msibani. Tusi lilelile likitoka kwa mtu asiye mtani linaweza kuzua kesi. Ndiyo maana orodha ya maneno peke yake, hata iwe ndefu namna gani, hainitoshi. Ukienda uwandani, andika nani alimwambia nani, mbele ya wakwe au vijiweni, na kama aliyetukanwa alirudisha tusi au alitoa pesa ili mtani aondoke.