Bustani ya Guniani na Visa vya Bibi Zetu

Mwaka huu tumependa tuzungumze juu ya bustani za mjini. Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga zisizo na ua, tukadhani kilimo ni cha watu wa shamba tu.

Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi nchini Kenya, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Gunia husimamishwa, kopo lililokatwa juu na chini likawekwa katikati na kujazwa mawe madogo, na udongo wenye samadi ukatiwa pembeni. Kopo huvutwa juu kidogo kidogo gunia likijaa, mpaka ibaki nguzo ya mawe ya kupitisha maji hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya kuchomekea miche ya sukuma wiki. Gunia letu la kwanza hapa madrasa lilikufa kwa sababu tuliona mawe ni usumbufu. Maji yakaishia juu, miche ya chini ikakauka.

Faida ya mboga inajulikana. Iliyotushangaza ni nyingine. Kuchuma na kupalilia ni kazi ya mikono, mdomo huwa huru. Bibi mmoja, aliyeletwa mjini na wanawe baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa hazungumzi na mtu. Sasa hutoka kila alasiri, huketi kwenye mkeka, akasimulia watoto wakichuma. Kisa wanachokiomba sana ni cha Salman Al-Farisi (R.A.), aliyekuwa mtumwa Madina, akaandikiana na bwana wake apate uhuru kwa mitende 300 na wakia 40 za dhahabu. Masahaba walimchangia miche, kila mtu kwa uwezo wake, wakamsaidia kuchimba mashimo, na Mtume (S.A.W.) akaipanda kwa mkono wake. Mtoto aliyewahi kufiwa na mche mmoja anajua mashimo 300 ni kazi gani!

Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi, Van den Berg na Custers, walichapisha jaribio la watu 30 wenye bustani. Walipewa kwanza kazi ya kuwasumbua akili, kisha baadhi wakashughulikia bustani nusu saa na wengine wakasoma. Homoni ya wasiwasi ilishuka kwa wote, lakini zaidi kwa wa bustani. (Hii si ruhusa ya kuacha kusoma!)

Tena tumefundishwa katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Muislamu ni sadaka yake. Basi kuku wa jirani wasipigwe mawe.

Tunajaza magunia kila Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye kopo kubwa la maziwa alilete. La rangi halifai.